Blanketi Lililofukizwa Udi

Siku ya kwanza kazini nilivuliwa kila kitu nilichoingia nacho isipokuwa meno. Pete, hereni, pini za mtandio, hata uzi mweusi niliokuwa nimeufunga gotini kwa ajili ya baridi yabisi. Wanja nilifutwa kwa pamba. Halafu Msimamizi wa Chumba Safi, mama mmoja mfupi wa Kifilipino, akanisogelea akaninusa begani kama mtu anayekagua nyama iliyolala buchani.

"Udi," akasema. "Rudi uoge."

Nikaoga. Akaninusa tena, akatikisa kichwa. Nilipooga mara ya tatu ndipo akanipa nguo za kazi: ovaroli nyeupe iliyoungana na kofia, viatu vya kitambaa, glavu, barakoa. Kwenye kioo cha mlangoni niliona macho mawili tu yakinitazama, na sikuwa na hakika kama ni yangu. Ndani kulikuwa na watu sita waliovaa vilevile, wamesimama kimya wakizunguka meza. Kusema kweli nilifikiri nimeitwa kuosha maiti.

Nyinyi vijana mnaoulizia kazi za Arabuni mnajua za nyumba, za ulinzi na za udereva. Yangu haina hata jina kwetu Mumias. Nilikuwa fundi wa kushona mablanketi ya setilaiti. Watu hapa wakisikia hivyo hucheka, wananiuliza kwani huko juu kuna baridi. Ndiyo, ipo, na joto pia, na nitawaeleza, ila mniache nizunguke kidogo kwa sababu nilifika darasa la nne tu na sijui kusimulia kwa mstari.

Niliondoka nyumbani kwenda kufanya kazi ya nyumba. Nilimtumikia mama mmoja mtu mzima, mjane, mtaa wa Al-Rawdah kule Jeddah. Nilimwita Mama Hajja. Alizaliwa Balad, mji mkongwe wa Jeddah, kwenye zile nyumba za mawe ya matumbawe, na ingawa alikuwa tajiri hakuacha mambo ya Balad. Udi wake hakuununua umeshachanganywa. Alikuwa na mzee wake sokoni aliyemuuzia vipande vya mti, akaja kuvilowesha mwenyewe kwa sukari, miski, mastaki na kitu kingine ambacho alinifundisha kwa sharti nisimwambie mtu. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri aliwasha makaa kwenye chetezo, akaweka tenga la miti juu yake, akatandaza nguo za watu wote wa nyumba, zangu pia. Harufu ile haikuwa ya nyumba nyingine yoyote. Ukikutana nayo dukani ulijua kuna mtu wa kwetu amepita.

Mwanawe ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini. Sote tulimwita Bosi, hata mama yake akimtania. Alifungua kampuni Riyadh ya kutengeneza setilaiti ndogo, ukubwa wa mashine ya kufulia nguo, zenye kamera ya kupiga picha za ardhi na bahari. Tukahamia Riyadh sote, Mama Hajja akilalamika kwamba hewa ya huko haina chumvi.

Siku moja Bosi aliingia jikoni ameshika kitu kinachong'aa kama karatasi ya chokoleti, tabaka juu ya tabaka, kimeshonwa vibaya. Alisema wataalamu wake wawili wameharibu cha tatu sasa. Nikamwambia mshono umevutwa sana, ndiyo maana kimekunjamana. Nikakifumua, nikakishona upya palepale kando ya sufuria ya wali. Alinitazama mikono, hakunitazama uso. Wiki iliyofuata ndiyo ile niliyovuliwa pete.

Sasa kazi yenyewe. Setilaiti ikiwa juu, upande unaotazama jua huchomwa na upande wa kivulini hugandishwa, kwa wakati mmoja, kwa kuwa hakuna hewa ya kupunguza makali. Kwa hiyo huvishwa blanketi. Blanketi hilo ni tabaka nyingi za utando mwembamba wa rangi ya fedha, na kati ya kila tabaka unaweka wavu laini kama wa shela ya bibi harusi, ili tabaka zisigusane na kupitishiana joto. Unashona kwa mkono, mishono mikubwa na legevu. Unaacha matundu madogo hewa iliyobaki ndani ipate pa kutokea wakati roketi inapanda, la sivyo blanketi litavimba lipasuke. Sindano zinahesabiwa ukiingia na ukitoka. Vitambaa vya kupangusia vinahesabiwa. Ukipangusa unapangusa kuelekea upande mmoja, huzungushi. Na hakuna manukato, hakuna mafuta ya mwili, hakuna losheni.

Juu ya Msimamizi alikuwa Mhandisi Mkuu, binti wa Kisaudi aliyesomea ng'ambo, mkali, mwenye tabia ya kutafuna kalamu. Ndiye aliyenieleza habari za harufu. Alinipeleka kwenye tangi la chuma lenye mlango mzito, ambamo setilaiti huwekwa na hewa yote hufyonzwa mpaka libaki ombwe, yaani pasipo na kitu kabisa. Humo huchemshwa na kugandishwa siku kadhaa ili ionekane kama itahimili huko iendako.

"Kwenye ombwe kila kitu hutoa kilichoficha," aliniambia. "Plastiki, gundi, kitambaa. Mafuta yaliyomo yanatoka kama mvuke, yanatafuta mahali palipo baridi zaidi, yanatua hapo. Na mahali palipo baridi zaidi ni jicho la kamera."

"Yakishatua?"

"Kipofu."

Nililitazama lile tangi tofauti tangu siku hiyo. Lilikuwa likivuma kidogo, sauti ya chini sana ambayo hukuisikia mpaka ilipozimwa. Nilikuwa nikipita mbele yake haraka.

Jambo jingine alilonifundisha lilinikosesha raha kuliko hilo. Nilikuwa nimezoea kusema setilaiti inaelea. Alinichukua juu ya paa la karakana saa nne asubuhi, ameshika machungwa matatu ya chakula chake. La kwanza aliliachia tu, likaangukia uani. La pili alilirusha mbele, likaanguka karibu na lango. La tatu alilirusha kwa nguvu zake zote likavuka ukuta, tukasikia mtu akifoka.

"Yote yameanguka," akasema. "Tofauti ni umbali. Sasa dunia ni mviringo. Ukirusha kwa kasi kubwa mno, chungwa linaanguka lakini ardhi nayo inakunja kona chini yake. Linaanguka tena, ardhi inakunja tena. Haliifikii. Ndiyo kazi ya roketi, Zubeda. Kupanda juu ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni ile kasi ya ubavuni."

"Kwa hiyo ikishafika inaacha kuanguka?"

"Inaanguka siku zote. Sasa hivi tunavyoongea."

Nilishuka ngazi nimeshika ukuta.

Roketi hatukuwa nayo sisi. Hapo watu hukosea. Ziko kampuni za kutengeneza mzigo na kampuni za kubeba mzigo. Mnakumbuka vile sisi tuliokuwa Jeddah tulivyotuma vitu nyumbani, mtu na pipa lake na mablanketi yake, wote tunaingia kontena moja la wakala? Ndivyo ilivyo. Kampuni ya roketi, iliyoko ng'ambo, inauza nafasi. Setilaiti za watu wa nchi mbalimbali zinapangwa juu ya roketi moja, zinafungwa kwa vikamatio, na zikifika zinaachiwa moja baada ya nyingine. Usipoleta mzigo siku uliyoambiwa, wanaondoka bila wewe na nafasi yako imekwenda. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililotuharakisha.

Tulikuwa na setilaiti mbili pacha. Moja ya kwenda, moja ya kubaki chini, ili yule wa juu akiugua wahandisi wamfanyie majaribio mwenzake. Mablanketi nayo mawili. Msaidizi wangu alikuwa Everlyne, msichana wa Kitale, mpole lakini mwenye mdomo. Aliniita mathe, yaani mama. Kazi yake hasa ilikuwa kusafisha lenzi na tangi, ila nilikuwa nikimfundisha sindano kwa sababu macho yangu yalishaanza kukataa.

Mwezi ule wa mwisho Mama Hajja akaugua. Moyo. Hakutaka nesi, alinitaka mimi. Bosi akaja karakanani mwenyewe, akaniambia niwe nikienda kukaa na mama yake kila siku baada ya adhuhuri. Nikamwambia mablanketi hayajaisha. Akasema nitajua nitakavyofanya. Nikafanya nilivyojua: nikazifunga nyavu na tando katika mifuko miwili, nikatoka nazo. Hapakuwa na kanuni ya kukataza, kwa sababu hakuna aliyefikiri mtu angefanya hivyo. Setilaiti yenyewe ilikuwa imekwisha kupimwa tangini na blanketi la majaribio. Langu lilikuwa la kuvishwa mwisho, kisha sanduku, kisha uwanja wa ndege.

Nilishonea chumbani mwa Mama Hajja, juu ya shuka nililofua kwa maji moto, mikono imevaa glavu. Yeye alijilaza akinitazama. Aliniuliza inakwenda wapi nguo hii. Nikamwambia linakwenda juu kuliko ndege, na halirudi.

"Halirudi kabisa?"

"Halirudi, Mama."

Ilikuwa Alhamisi. Nilimaliza mshono wa mwisho wa blanketi la pili, nikayakunja yote mawili, nikaenda kutawadha na kusali. Sikuchukua muda. Niliporudi alikuwa ameinuka kitandani, yeye ambaye kwa siku tano hakuweza kushika bilauri. Makaa yalikuwa yamewaka. Tenga lilikuwa mahali pake, na juu yake ametandaza mablanketi yangu mawili, moshi ukipenya kwenye yale matundu niliyoyaacha, ukitoka polepole kama pumzi ya mtu aliyelala.

"Msafiri wa mwanangu hatoki nyumbani kwangu mkavu hivi," akasema.

Kwa wale msiojua, huko mgeni akiondoka hufukizwa udi. Ni heshima. Bibi harusi hufukizwa, anayekwenda safari hufukizwa. Mama Hajja hakukosea kwa mila yake. Mimi ndiye niliyejua habari za tangi. Nikayatoa, nikayatundika dirishani, nikayapangusa tabaka la juu kwa spiriti. Halafu nikayanusa.

Sikusikia kitu. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nimelifikiria miaka. Nilikuwa nimeishi ndani ya harufu ile kwa muda mrefu mno. Pua yangu ilikuwa ya nyumba ile. Msimamizi angenusa hatua tano kabla, lakini siku ile alikuwa na mafua, anafunga masanduku huku akipiga chafya nje ya mlango. Nilimvisha msafiri, ile setilaiti, blanketi lake, nikafunga mikanda, Everlyne akapangusa lenzi kwa mara ya mwisho, na yalla, gari likaondoka. Sikumwambia mtu.

Siku ya kurushwa tulikaa ofisini mbele ya skrini kubwa. Roketi iliondoka kwa moto usio na sauti, maana sauti ya skrini iligoma. Kwanza sehemu ya chini ilisukuma mpaka mafuta yakaisha, ikajitenga ikaanguka, sehemu ya juu ikaendelea. Baadaye sana tukaona kamera ya pale juu ikionyesha masanduku yaliyopangwa, na lile la kwetu likaachiwa. Lilisogea taratibu, linang'aa, likazidi kuwa dogo. Niliona mishono yangu. Msinibishie, niliiona. Mama Hajja alitazama kwenye simu akiwa kitandani na kuniambia baadaye, "Limekwenda limevaa vizuri." Siku ya nane akafariki.

Baada ya matanga Bosi alinituma Jeddah kufungasha vitu vya nyumba ya Al-Rawdah. Kwa kuwa kazi ya karakana ilikuwa imetulia, akanipa pia kuandaa chai kwenye kituo chetu cha Al-Hamra. Kituo kilikuwa ghorofa ya juu, karibu na bahari, na dishi kubwa juu ya paa lililogeuka lenyewe kumfuata msafiri kila anapopita. Anapopita mnampata kwa dakika chache tu, kama kumi hivi, anashusha picha zake, halafu anazama upande wa pili. Mkuu wa Kituo alikuwa mzee aliyewahi kuwa mtu wa redio za meli. Alivaa vipokea sauti masikioni ingawa kompyuta zilifanya kila kitu. Alisema anapenda kusikia.

Siku moja asubuhi alinipa nisikilize. Ni sauti ya kukwaruza, kisha mlio mfupi, kimya, mlio mfupi. Nikamuuliza anasema nini. Akasema, anasema yu hai. Kisha akaniita kwenye skrini.

"Wewe ndiye uliyemvisha. Tazama hii."

Ilikuwa picha ya pwani yetu, Jeddah kutoka juu. Lakini juu ya mji kulikuwa na ukungu wa rangi ya asali. Nikasema vumbi la jangwa. Akafungua picha iliyopigwa dakika chache baadaye, mbali na hapo: safi kabisa, unahesabu boti. Akafungua ya mzunguko uliofuata. Ukungu. Kisha safi. Kisha ukungu.

"Akitoka kivulini anakuwa nao," akasema. "Jua likimpiga unaondoka. Akirudi kivulini unarudi. Nimefanya kazi na redio maisha yangu yote, sijaona mashine inayopumua."

Niliweka sinia ya chai chini. Rangi ile niliijua. Ni rangi ya dari ya chumba cha Mama Hajja, juu ya pale alipokuwa akiweka chetezo. Nilikuwa nimetoka kuipangusa siku mbili kabla na haikutoka.

Nikanyamaza tena. Ndiyo, nawaambia ukweli. Nilijisemea nyumba ya mfiwa haipelekewi habari kama hiyo.

Nilirudi Riyadh nikakuta wamemtia pacha tangini kutafuta chanzo cha ule ukungu, amevaa blanketi la pili. Wiki nzima wamefyonza hewa, wamechemsha, wamegandisha. Siku ya kufungua ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, sote tumevaa nyeupe, macho tu. Bosi naye alikuja, akavaa. Ungemtambua kwa urefu tu. Waliruhusu hewa irudi ndani polepole, mlango ukafunguliwa, na ule mvumo wa chini ukakatika.

Nami, pua yangu ilikuwa imeshakaa bila moshi wa nyumba ile, safari hii nikasikia. Udi, miski, mastaki, na kile kitu cha nne. Haikuwa harufu ya nguo iliyofukizwa. Ilikuwa kama mtu mwenyewe ametoka mle ndani akasimama katikati yetu. Ilipita barakoa zote. Msimamizi alirudi nyuma akagonga meza. Mmoja wa mafundi akaanza kusoma Ayatul Kursiyu chini kwa chini.

Bosi hakurudi nyuma. Alisogea mpaka mlangoni mwa tangi, akainama kuchungulia ndani.

"Mama?" akasema.

Halafu akageuka akatoka bila kutazama mtu, na viatu vyake vya kitambaa havikutoa sauti.

Mhandisi Mkuu ndiye aliyerejesha akili. Alitoa kibamba cha chuma kilichogandishwa kinachowekwa tangini kukusanya uchafu. Kilikuwa na doa la asali. Akasema, basi, tumejua ugonjwa ni nini, sasa nani ameuleta. Aliyesafisha tangi ni Everlyne. Aliyepangusa lenzi ya msafiri ni Everlyne. Wakafungua kabati lake wakakuta kichupa cha manukato, kile cha bei rahisi cha Balad ambacho kila msichana wa kwetu ananunua kwenda nacho likizo. Kilikuwa hakijafunguliwa hata karatasi. Haikusaidia. Wengine walishaanza kunong'ona neno baya zaidi: sihiri, kwamba ameiba kitu cha marehemu akakichoma.

Mnajua neno hilo linafanya nini kule: mtu hufungwa, hata huuawa. Kurudishwa nyumbani kungekuwa bahati. Everlyne alikaa kwenye benchi la kubadilishia nguo, mikono mapajani, ikama yake, kile kibali cha kuishi kule, tayari imepelekwa mezani kwa Bosi.

"Mathe, mimi sijafanya," akaniambia. "Si unanijua? Waambie basi. Wewe wanakusikiza."

Nikamwambia atulie. Halafu nikaenda kula chakula cha mchana. Nilikula wali wote, nikakwangua sahani. Miguu yangu haikutaka kwenda nilikojua ni lazima niende. Baada ya sala ya adhuhuri nilibisha mlango wa Bosi.

Alikuwa na Mhandisi Mkuu. Ikama ilikuwa pale, na karatasi ya kumfukuza Everlyne haijatiwa sahihi. Nikabaki nimesimama. Nikawaeleza yote: mifuko, chumba, Alhamisi, tenga, moshi kwenye matundu. Nikasema mama yako hakujua, Bosi, mimi nilijua. Binti wa watu hana kosa.

Mhandisi Mkuu alishika kichwa. Bosi aliuliza kitu kimoja tu.

"Aliinuka mwenyewe?"

"Aliinuka mwenyewe. Makaa aliyawasha mwenyewe."

"Akasema nini?"

Nikamwambia maneno yale, kama alivyoyasema. Akaichukua karatasi ya Everlyne akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

"Halas, yameisha," akasema. "Mrudishie ikama yake."

Mhandisi Mkuu alikuwa ameshaanza kupiga hesabu. Alisema kama ni udi na uko kwenye blanketi, basi una mwisho. Watamgeuza msafiri, ubavu wa blanketi na jicho lake visogee juani, vichemke siku kadhaa, mafuta yatoke yote yapotelee huko. Atapona. Amri inaweza kutumwa leo hii, kwenye mpito wa alasiri.

"Kesho," Bosi akasema.

"Kila mzunguko tunaochelewa yanazidi kuganda kwenye lenzi."

"Nimesema kesho."

Aliondoka Riyadh kwa ndege ya mchana huohuo. Mkuu wa Kituo alinisimulia baadaye kwamba Bosi aliingia kituoni Al-Hamra, akavua viatu, akakaa kwenye kiti cha mzee cha redio, akasubiri mpito wa asubuhi. Picha ya kwanza ilipoteremka, Jeddah ndani ya ule ukungu wa asali, aliweka kiganja juu ya skrini akakiacha hapo mpaka msafiri akazama. Kisha akavaa viatu akasema tumeni, mpito unaofuata.

Walituma. Siku ya sita picha zikaja safi.

Mimi niliadhibiwa, na ilinistahili. Sikushika sindano miezi mitatu, nilipiga deki korido. Kwenye kitabu cha kanuni kukaongezwa mstari kwamba blanketi halitoki nje ya jengo kwa sababu yoyote, na mafundi wanauita mstari wa Hajja. Nilipoacha kazi macho yalipokataa kabisa, Everlyne alichukua kiti changu. Mishono yake ni mizuri kuliko yangu, ila hupenda kuivuta, na nimemwambia. Bosi aliniaga kwa kunipa kile chetezo. Aliniuliza kitu cha nne ni nini kwenye mchanganyiko. Nikamwambia niliapa. Akatikisa kichwa, akasema vyema.

Watu huniuliza kama niliogopa kuwa mbali na nyumbani miaka yote hiyo. Niliogopa, lakini si vile wanavyodhani. Kuna kitu nilichokishona kwa mikono hii kinachoanguka sasa hivi ninavyosimulia na hakijafika chini. Everlyne hunitumia ujumbe siku anapopita juu ya Mumias. "Mathe, yuko hapo kwenu." Huwa mchana, niko na nguo za kuanika. Natazama juu na hakuna kitu, mbingu tupu. Ananiambia pia kwamba ukungu haukwisha wote. Kwenye kona ya picha ya kwanza akitoka kivulini kuna doa dogo, na Mhandisi Mkuu hawezi kulieleza, kwani kwa hesabu zake lilipaswa kuwa limekauka zamani. Bosi amewakataza wasiliandike kama hitilafu.

Mhandisi Mkuu alinieleza mwisho wake utakuwaje. Huko juu hewa haijaisha kabisa, kuna kidogo sana, inamgusa gusa kila mzunguko, inampunguzia kasi. Itachukua miaka. Siku kasi ikipungua vya kutosha, ardhi itaacha kumkwepa. Ataingia kwenye hewa nzito na atawaka, blanketi kwanza.

Vipande vitatu vya udi wa Mama Hajja ninavyo kwenye kopo. Chetezo kiko juu ya kabati, safi, sijawahi kukiwasha. Nimemwambia Everlyne asinitumie ujumbe siku msafiri atakapowaka. Nina imani nitausikia ule udi mwenyewe, nikiwa uani au jikoni, na sasa pua yangu si ya nyumba ile tena.